Uso Uliotolewa Kitabuni

Ninayoandika hapa hamtayaamini, na siwalaumu. Hata mimi, Lazaro, niliyeyaona kwa macho haya haya yaliyowahi kumtazama mamba mpaka mamba akaona haya akarudi majini, kuna asubuhi naamka nina mashaka. Lakini ni kweli tupu. Kabla vita vya Wadachi na Waingereza havijafika ziwani kwetu, mwanamke mmoja mfinyanzi wa Ikombe, asiyejua kusoma hata jina lake, alitengeneza kitabu. Hakukinunua wala hakupewa na misheni. Alikitengeneza kwa mikono yake, kuanzia gome hadi uzi, na ndani yake hamkuwa na herufi hata moja.

Mwanamke huyo ni Marita, dada yangu, mama yenu ninyi mnaojifanya mnajua kila kitu kwa sababu mmefika darasa la nne. Amekaa pale mlangoni anasugua chungu, anajifanya hanisikii ninavyowasomea. Nimemwambia atulie, hii ni kazi ya msomi. Mimi nilisoma mpaka mwalimu akachoka.

Haya. Marita alizaliwa Ikombe, pale ambapo milima ya Ukinga inashuka moja kwa moja ziwani bila kuacha hata mahali pa mbuzi kugeukia. Kwa kuwa shamba hakuna, wanaume wa Kikisi huvua na wanawake hufinyanga. Vyungu hupangwa mtumbwini mpaka vikawazidi watu, vikavushwa kwenda Mwaya na fukwe nyingine za Kyela, na huko havina haja ya bei: mwenye kutaka chungu anakijaza maharage au mahindi, anayabeba mfinyanzi, chungu kinabaki. Marita alijua kufinyanga kabla hajaota meno yote. Hilo nalo ni kweli, au karibu na kweli.

Nyumbani aliitwa Sekela. Misheni ilipombatiza ikampa Marita, naye akawa anageuka akiitwa kwa lolote. Kisha akaolewa bondeni na Ambilikile, Mnyakyusa mwenye migomba mizuri na maneno machache, na kule kwa mumewe wakamwita Mkisi, mpaka alipozaliwa Angetile wakaanza kumwita mama Angetile. Siku moja aliniambia tukiwa tunashusha vyungu, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu mfukoni, kwamba majina yote hayo anayaitikia lakini hajui ni nani hasa anayeitikia. Mimi nikamwambia yeyote atakayeitikia abebe kile chungu kikubwa. Nilikuwa kijana, nilidhani ananitania.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo ninyi mmezaliwa likiwa limeshalegea. Kwa Wanyakyusa, mkaza mwana hamtazami baba mkwe wake. Wenyewe wanaita ukutila, yaani kumstahi mtu mpaka kumwogopa. Haingii nyumbani kwake. Hatamki jina lake, wala neno linalofanana na jina lake. Akikutana naye njiani, anaingia migombani, anapiga magoti, anafunika kichwa, anangoja nyayo zipite. Ndiyo maana vijana walikuwa wakijenga kijiji chao mbali na baba zao, ili wake zao wapate kupumua.

Baba mkwe wa Marita alikuwa mzee Kasyupa, baba yake Ambilikile. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye adabu ya namna yake: alipokuja kumtembelea mwanawe alianza kukohoa tangu mbali, huku hana kifua wala mafua, ili mkaza mwana apate nafasi ya kukimbia bila kuvunja kitu. Marita akisikia kikohozi anaacha chungu palepale, mara nyingi kingali kibichi, na akirudi anakikuta kimelala upande. Hakuwahi kulalamika. Alimpikia mzee yule tangu alipofika kwenye ukoo ule, samaki wa mbasa waliokaushwa, pamoja na ndizi, na mama mkwe ndiye aliyebeba. Na chungu hakikurudi kitupu. Mzee alikiosha mwenyewe, akaweka ndani asali kwenye jani, au ndizi mbivu, au mara moja kinyonga aliye hai, ambaye Marita hakumwelewa mpaka mama mkwe alipomwambia kwamba mzee alikuwa anatania. Hivyo ndivyo watu wale wawili walivyozungumza miaka yote, kwa chungu.

Kitabu kilianzia kwa mwalimu Hezroni, aliyekuwa anafundisha misheni. Hezroni alikuwa na kitabu cha picha cha Wadachi, na Jumapili moja alimruhusu Marita akifunue baada ya kuosha mikono. Marita akafunua. Akaona wazee wenye ndevu ndefu na kanzu, punda, malaika, wanawake weupe wenye vitambaa. Akauliza hawa ni akina nani, akaambiwa ni watu wa Mungu.

"Wa kwetu wako ukurasa gani?"

Hezroni alicheka, si kwa ubaya, akamwambia kitabu kilikuwa kimeshamalizika kabla hakijafika huku.

Marita akashukuru, ndaga fijo, akakirudisha. Lakini mimi namjua dada yangu. Akinyamaza namna ile, kuna kitu kinakwenda kufinyangwa.

Alianza na magome. Alichuna gome la mti ule ambao wazee walikuwa wakiponda gome lake liwe nguo kabla kaniki haijaja, akaliloweka, akalipigapiga juu ya gogo mpaka likawa jepesi kama sikio la mbuzi. Alilikata kwa kisu chake cha kusawazishia midomo ya vyungu. Mistari aliichora kwa utomvu wa mgomba, na ninyi mnaofuliwa mashati mnajua: utomvu ukigusa nguo hautoki mpaka nguo yenyewe ife. Rangi zilikuwa zile zile za vyungu vya kwetu, udongo mwekundu na udongo mweupe. Kurasa alizishona kwa nyuzi za mgomba, na majalada yalikuwa mbao mbili za mtumbwi wa marehemu baba yetu, uliopasuka kwenye mawe ya Ikombe. Ambilikile alimwona akihangaika na mbao zile, akazipiga randa bila kuulizwa. Ndivyo alivyokuwa.

Ndani aliweka watu. Bibi yetu alikuwa mikono tu, imezama kwenye udongo hadi viwikoni, kwa sababu Marita alisema uso wake ameusahau lakini mikono hapana. Mama yetu alikuwa na chungu kichwani na milima nyuma. Mama mkwe alikaa anamenya ndizi, shavu moja limevimba kwa ugoro. Ambilikile alisimama migombani, na ukimtazama haraka unamhesabu kama mgomba mmojawapo. Mimi nipo pia, mdomo wazi. Wote mle ndani wamefunga midomo isipokuwa mimi, na sijawahi kuelezwa sababu.

Mzee Kasyupa naye alikuwamo. Kwa nyuma. Marita alichora alichokuwa akikiona kutoka mafichoni: mgongo mrefu unaondoka, fimbo, visigino viwili vilivyopasuka, na majani ya mgomba yakikatiza mbele. Watu waliokiona kitabu walicheka sana hapo, wakasema hakika ni yeye, hata mgongo una adabu.

Ukurasa wa mwisho alijiwekea mwenyewe, na hapo ndipo kazi ilipokwama.

Alijaza maji kwenye bakuli jeusi, akainama akajitazama, akachora. Akatoka mama yetu. Akachora tena, akatoka msichana wa Ikombe ambaye hayupo tena. Akajaribu kumchora Marita wa kanisani, akatoka mtu aliyevaa vizuri asiyekuwa na lolote la kusema. Akajaribu mkaza mwana, ikatoka shuka. Alichana magome mengi mwezi ule. Aliniambia kwamba kila akijiangalia majini macho yake yanashuka yenyewe, kana kwamba uso ulio majini nao ni mkwe, na ukishusha macho huwezi kuyachora. Mimi nikamshauri anichore mimi mara ya pili.

Kisha siku moja alikuwa anazungusha mdomo wa chungu kikubwa, anautazama kama umekaa sawa, na akashtuka. Macho yake hayakuwa chini kwa heshima. Yalikuwa yanatazama. Alikuwa akitazama hivyo kila siku ya maisha yake tangu utotoni, na hakujua, kwa kuwa hakuna mtu anayejitazama akiwa kazini. Akaacha chungu kikalala, na safari hii hapakuwa na kikohozi. Akachukua gome, hakwenda kwenye bakuli la maji, akachora.

Niliuona ukurasa ule. Ninadanganya kuhusu mambo mengi lakini si kuhusu huo. Ulikuwa uso wa mwanamke anayekutazama moja kwa moja, si kwa ujeuri wala kwa uchokozi, ila kama mfinyanzi anavyokitazama chungu chake kabla hajakitia motoni, akitafuta kama kina ufa, huku tayari anakipenda. Marita alikaa mbele yake mpaka utomvu ukakauka.

"Kumbe ni huyu," alisema.

Habari za kitabu zikatoka. Watu walikuja kutoka Njisi, wengine walitoka kule mto Songwe, eti wanatafuta vyungu. Kila mmoja alikaa mbele ya ukurasa wa mwisho akaanza kujirekebisha nguo. Hezroni alikuja akakiangalia muda mrefu, akasema kina kasoro moja tu, hakina maandishi, kisha akaomba akione tena.

Wakati huo mzee Kasyupa alikuwa ameanza kukohoa kikohozi cha kweli. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa anakwenda kwenye mafundisho ya ubatizo, ameketi mstari wa mbele na fimbo yake, na kule walifundishwa kwamba mbele za Mungu mkwe na mkaza mwana wanaweza kukaa chini ya paa moja. Marita alikuwa anaingia kanisani kwa mlango wa nyuma, anakaa nyuma ya nguzo. Mzee alilijua hilo, maana kila Jumapili aliketi mahali ambapo nguzo inawakinga vizuri wasionane. Kama moyoni aliyakubali mafundisho yale, hakumwambia mtu. Na nani angemwambia mkaza mwana? Mambo kama hayo hayana mjumbe.

Alipolala asiweze kuinuka, alimtuma mkewe. Mama mkwe akaja, akakaa, akala, ndipo akasema kwamba baba anaomba kitabu. Amesikia watu wote wamekiona isipokuwa yeye, na siku zake si nyingi.

Hapo Marita alipoteza usingizi. Kunyima haiwezekani, mgonjwa hanyimwi, tena mzee huyu. Lakini mwisho wa kitabu kulikuwa na uso wake, na uso ule ulikuwa na macho. Kumpelekea baba mkwe ukurasa ule kulikuwa sawa na kuingia nyumbani kwake kichwa wazi, akasimama juu ya kitanda chake, akamkodolea macho mzee asiye na nguvu hata ya kugeuka ukutani. Mgonjwa hawezi kukimbilia migombani. Ndivyo alivyoliona, na ningependa kujua ninyi wasomi mngeliona vipi.

Alimuuliza mumewe. Ambilikile alifikiri mpaka moto ukapungua.

"Ni picha tu," akasema. Kisha akasukuma kuni, akasema, "Lakini ni macho yako."

Asubuhi Marita alichukua kisu cha vyungu akakata nyuzi, akautoa ukurasa. Angeweza kuuweka darini. Aliniambia baadaye kwamba aliona aibu: kuuficha nyumbani huku mzee akisoma kitabu kule kungekuwa kama kumchungulia kwa nyuma ya ukuta. Siku ile alikuwa na vyungu vya kuchoma. Akauweka chini kabisa, kwenye nyasi kavu, akapanga vyungu juu, akawasha. Hakuhuzunika hata kidogo. Alijiambia atachora mwingine, sasa anajua jinsi ya kufanya.

Nimekaa na neno hilo miaka mingi, atachora mwingine. Alichora, ndiyo. Alichora mzee akiwa bado hai, akachora baada ya kumzika, na msimu uliofuata, na vita vilipopita, na juzi juzi amechora. Pua inatoka, midomo inatoka, hata kale kakovu kadogo juu ya nyusi kanatoka. Macho yanashuka. Mara ile moja alijichora akiwa hajui kwamba yanaweza kushuka; sasa anajua, na mkono hausahau. Waliokuja kutoka mbali kutazama kitabu huuliza ukurasa wa mwenyewe uko wapi, naye huwaambia umeungua, kama mtu anayezungumzia ugali.

Nirudi siku ile. Marita na mama mkwe walikwenda pamoja mpaka kwenye migomba ya mzee. Mama mkwe akaingia na kitabu. Marita akabaki nje nyuma ya nyumba, shuka kichwani, amepiga magoti. Nyumba ilikuwa ya mianzi, na tope lilikuwa limeanguka sehemu nyingi kwa mvua, hivyo alisikia kila kitu. Angeweza pia kuona, kama angetaka kuinua kichwa.

Alisikia gome likifunuliwa. Mzee alikwenda polepole, akimtaja kila mtu kwa jina, akapumzika, akafunua. Kwa bibi yetu alisema mikono ile inafanya kazi hata sasa. Kwangu mimi alisema, huyu anasema nini, na mkewe akamjibu hakuna anayejua. Alipofika kwenye mgongo wake mwenyewe alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na ikabidi apewe maji.

"Kumbe nikienda huwa nabaki hivi," akasema.

Akafunua tena, na pale hapakuwa na kitu ila ubao wa mtumbwi. Marita alisikia kidole kikipita juu ya nyuzi zilizokatwa.

"Hapa palikuwa na mtu."

Mama mkwe akamwambia ukweli, maana si mwanamke wa kupamba. Kwamba ulikuwa uso wa mkaza mwana wake, na ameutoa kwa heshima, asimvunjie heshima kitandani.

Kuku aliingia akafukuzwa. Halafu mzee Kasyupa akasema maneno ambayo mama yenu ameyabeba tangu siku hiyo, na sitaongeza wala kupunguza.

"Huo ndio niliouagizia. Ameninywesha na kunilisha miaka yote hii, na nikikutana naye sokoni nitampita kama mgeni. Nikasema, kwenye gome haitakuwa kosa. Kwake wala kwangu."

Mzee akapumua, akasema aambiwe achore mwingine, akiharakisha kidogo. Alimaliza wiki hiyo akiuliza kila asubuhi kama ukurasa umekuja. Haukuja. Walimzika mvua zikiwa bado zinanyesha.

Watu wengine, watu wasio na moyo wa hadithi, huishia hapo. Lakini mimi nilikuwapo, au nilikuwa karibu, mtumbwi wangu ulikuwa Mwaya, na ninawaambia lililotokea baada ya maneno yale. Marita aliyasikia, akainuka pale nyuma ya nyumba. Mlango ulikuwa palepale, unazunguka kona tu. Akaivua shuka kichwani, akaitupa migombani, akaingia na macho yake juu kama yalivyokuwa kitabuni, nyumba yote ikawaka kama ziwa saa sita mchana, kuku wakakimbia, mzee akajiinua kitandani kama kijana, akamtazama, naye akamtazama, na mzee akanyoosha mkono akamwita Sekela, jina ambalo hata hakuwahi kuambiwa, akasema sasa nimekuo—

"Sikuingia, Lazaro," akasema Marita kutoka mlangoni.